Vichwa vya Kambare

Mwaka ule Ziwa Jilore lilipokauka
likaacha tope lenye nyufa kama visigino vyangu,
walikuja watu wa chuo na kamba na vijiti,
wakaukata ukingo vyumba vya mita moja moja
utadhani wanapima viwanja vya kuuza.
Mimi niliajiriwa kuosha.
*Nyevu, mwosha mifupa*, liliandika daftari la mishahara.
Miaka kumi na tisa ya kukaanga samaki stendi ya Malindi
haikuandikwa.

Beseni, mswaki wa meno, maji ya Sabaki.
Chekecheke likitikiswa, mchanga ukishuka,
kinachobaki hulia kama njugu mawe kwenye ungo.
Taya la panya. Gamba la kobe.
Miiba.
"Samaki, aina haijulikani," akaandika kijana Mwadzaya.
Nikamwambia, futa.
Huyu ni kambare. Mwiba huu wa ubavuni
unanichoma tangu nilipoachishwa ziwa la mama
nikakabidhiwa ziwa hili.

Vichwa, sinia baada ya sinia,
mafuvu yenye chunusi, magumu kama vigae,
na pingili za mgongo hazifiki kiganja.
Daktari Mghanga akakuna kidevu:
labda maji yaliwachukua, labda ndege.
Mimi nikacheka, Mungu anisamehe.
Anayepeleka samaki mbali habebi kichwa.
Kichwa ndicho huanza kunuka.
Unampasua, unambanika, unamwanika awe ng'onda,
unamfunga, unakwenda.
Hapa palikuwa jikoni tu.
Walaji walikuwa kwingine,
na huko, kwenye kilima ambacho jembe halijakigusa,
imelala miili isiyo na vichwa
inayovidai hivi vyangu.

Mwiba mmoja walikata kipande chembamba kama ganda la kitunguu,
wakanikalisha mbele ya hadubini.
Pete ndani ya pete, kiangazi na masika,
na ile ya mwisho imeanza tu, haikufunga.
Basi alikufa maji yakipanda,
wakati kambare wanaingia majanini na matumbo yamejaa,
na mtoto mwenye fimbo anaweza kuua kumi.
"Waliwaua na mayai," nikasema.
Hakuna aliyenijibu.
Sisi pia.

Kisha paja la kuro.
Mikato ya jiwe, mitatu, safi,
na juu yake shimo la jino la fisi.
Mwadzaya akapiga makofi: mtu alitangulia!
Kesho yake likaja paja jingine,
jino chini, jiwe juu.
Makofi hayakuwepo.
Mwenye njaa hana miiko,
wala fisi si mwenyeji mbaya
akishashiba.

Lakini mfupa ninaoukumbuka ni mdogo,
mguu wa paa, namba elfu moja mia moja arobaini na saba.
Karibu na kiungo kuna mikwaruzo,
mifupi, mingi, inakwenda ovyo,
inatafuta pa kuingilia, inapakosa, inajaribu tena.
Halafu kando yake mkato mmoja,
mzito,
mahali penyewe.

Naujua mkono ule wa kwanza.
Binti yangu Mbodze aliharibu samaki wangapi
kabla sijamshika kifundo nikamwambia, hapa,
sikia, kisu chenyewe kitakwambia.
Daktari alisema huenda ni jiwe butu tu.
Huenda.
Daftari lina safu ya aina, safu ya kiungo, safu ya uzito.
Nikachukua penseli, nikaandika pembeni: *anafundishwa*.
Sijui kama waliacha.

Mvua ilirudi Aprili, usiku, bila kuaga ilikotoka.
Asubuhi kamba zilikuwa bado zimefungwa kwenye vijiti,
maji yamefika kiunoni,
na kambare wakipita chumba kwa chumba,
wazima, na vichwa vyao.